Msomaji kutoka Kitale

Jumamosi ya tatu Bilha hakuja, na Absalom akafunga kibanda chake cha vitabu kabla ya saa nne asubuhi.

Hakuwahi kufunga mapema hivyo tangu mwaka wa 1983, alipoanza kuuza vitabu kuukuu karibu na stesheni ya Bungoma. Alivaa koti lake la kanisani, akafunga kitabu kinene kwa gazeti, akapanda basi la Kitale. Njiani alikifungua mara mbili na kukifunga tena bila kusoma hata mstari mmoja.

Kwa miaka miwili Bilha alikuwa akiteremka na lori la kabeji kila Jumamosi. Akimaliza kuuza, alipitia kwa Absalom kurudisha kitabu na kuchukua kingine. Hakuwa mtu wa kupekua. "Nichagulie wewe, baba," alikuwa akisema, akifungua kapu lake. Lakini wiki iliyofuata maneno yake yalimfanya Absalom asahau wateja.

"Kiliisha Jumatano," alisema mara ya kwanza. "Tangu hapo nyumba haikaliki."

Absalom alicheka, maana ugonjwa huo aliujua. Yeye mwenyewe akifika ukurasa wa mwisho hukifunga kitabu, akakaa nacho mapajani kama mtu aliyeshiba. Shibe hiyo haidumu. Hutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, chakula hakigusi, mpaka afungue kingine, asome sentensi ya kwanza, na moyo utulie. Marehemu mkewe hakuielewa kamwe hali hiyo.

"Na yule hakimu, ulimwonaje?" Absalom alimwuliza Bilha wakati mwingine.

"Ati hakuwa na hatia. Ati mwandishi alichoka tu, akamfunga jela ili kitabu kiishe."

Hizo "ati" zake alizipenda. Bungoma nzima huzitupa ovyo, lakini Bilha alizitamka polepole, kila moja mahali pake. Absalom alimtetea mwandishi, na Bilha akamsikiliza kwa makini, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayekariri. Jumamosi iliyofuata alirudi na jibu ambalo Absalom hakuweza kulipangua.

Siku moja alijikaza akamwuliza habari za mumewe.

"Trekta ilimwangukia," Bilha alisema, macho kwenye kapu. "Mwaka wa themanini na tano."

"Pole sana, mama."

"Tumezoea, baba."

Hakuuliza tena. Ila tangu siku hiyo alianza kumchagulia vitabu kwa hofu, kama mtu anayetafuta maneno ya barua, na siku za katikati ya wiki zikawa hazipiti. Sasa zilikuwa zimekatika Jumamosi tatu.

Mvua ilikuwa imeinyeshea Kitale. Sokoni, mwuza kabeji mmoja alimwambia kwamba Bilha alikuwa amelazwa na malaria, ila juzi alirudi nyumbani. Akamwonyesha njia. Absalom aliikanyaga ile njia ya matope upesi upesi, viatu vikinata, huku akirudia sentensi aliyoiandaa tangu alfajiri: kwamba nyumba mbili zisizokalika zingeweza kuwa moja.

Alimkuta uani, amekonda, akianua nguo. Bilha alipomwona alitabasamu, na sentensi yote ikamtoka Absalom kichwani. Alimpa kitabu. Bilha alikipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia lile furushi la gazeti kifuani, kisha akageukia mlango wa nyumba.

"Jotham," aliita, "mzee wa Bungoma amekuja mwenyewe."

Akamwongoza ndani. Kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani palikuwa na mwanamume ameegemea mito, miguu imelala kimya chini ya blanketi. Alilipokea furushi kwa Bilha, akachana gazeti, akanusa kurasa, halafu akalipigapiga godoro Absalom apate kuketi.

"Kaa hapa, bana," alisema. "Miaka miwili mimi na wewe tunabishana, na mke wangu, asiyejua herufi hata moja, ndiye anatubebea maneno."