Wapangaji wa Paa la Ngiri

Zamani wanyama walipokuwa wakikatia nyumba zao bima, Ngiri alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemwambia paa lake limetoboka: "Nina bima." Hata ngazi yake aliichanja kuni.

Mvua kubwa ikanyesha, maji yakamfika magotini. Akakimbilia kwa Korongo, mkaguzi wa bima.

"Dhoruba ya jana imenitobolea paa, mzee. Juzi lilikuwa zima kabisa."

Korongo akaja, akapitisha shingo yake ndefu kwenye tundu.

"Hodi," akasema.

"Karibu, mzee," akajibu Mbayuwayu, aliyekuwa kiotani pembeni mwa tundu na makinda wanne. "Hawa ni wajukuu zangu. Mama yao naye alianguliwa hapa hapa. Mwenye nyumba wetu ana moyo mzuri, hajawahi kutuzibia mlango."

Korongo akakunja fomu zake. "Bima hulipia dhoruba, bwana Ngiri. Haya ni makazi ya ukoo."

Alasiri hiyo Ngiri alikuwa juu ya paa na mzigo wa nyasi, akihema kwa kupanda bila ngazi.

"Ukifika upande wa jikoni, jirani, bisha hodi kwanza," Mbayuwayu akamwambia. "Huko wanakaa shangazi zangu."