Viatu Ukingoni

"Dada, kiboko tutamwona wapi?"

Nyanjige alimeza hasira. Tangu asubuhi alikuwa akiwatembeza wageni na kuwasimulia habari za kale za mji, nao ni kiboko, kiboko tu. Soko la zamani hawakulitazama, wala gati. Sasa walifika kituo cha mwisho: maji matupu, na ncha ya paa la bati ikichungulia.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Ziwa lilipofurika, lilimeza mtaa mzima."

"Na kiboko je?"

Nyanjige alivua kandambili, akazipanga ukingoni kama mtu aliyefika mlangoni, akaingia majini mpaka magotini.

"Hodi!" aliita. "Hodi humu ndani!"

Kamera zilishuka. Nyuma yake, mgeni mmoja aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.