Minyororo ya Theluji

Mnyororo wa kwanza ulikuwa umefunga geti. Wa pili ulikuwa umemfunga mbwa. Gervas aliifungua yote miwili, mbwa akatoka mbio kwenda kuutembelea mtaa wote wa Kihonda, na yeye hata hakumwita.

Miaka minne tangu gari lifike kutoka Japani, hakuna aliyejua ile minyororo iliyokuja kwenye buti ilikuwa ya kazi gani. Karatasi yake ilikuwa na picha tu: mtu kavaa koti nene, kachuchumaa kwenye weupe mtupu, anavisha gurudumu.

"Ni ya theluji hii," alisema Shukuru, fundi wake, akiikunjua kando ya gari. "Wenzetu wakipanda milima yao wanafunga hivi. Na udongo wa kwenu Mgeta ukiloa, theluji cha mtoto."

"Nitafika?"

"Gari linavuta magurudumu yote manne, sasa ukiliongezea meno haya! Utafika. Ila usiifunge kwenye lami, itakatika."

Prisca, dada yake, alikuwa amepiga simu alfajiri kutoka kijijini, juu kabisa Mgeta. Baba yao, Mzee Deogratias, alikuwa anapumua kwa shida. Zahanati ilisema apelekwe hospitali mjini, lakini mvua za Aprili zilikuwa zimeiharibu barabara, hata bodaboda zimegoma. Mwenye gari katika ukoo alikuwa Gervas. Na ni yeye aliyeahidi kumshusha mzee tangu Februari, akasema wiki ijayo, kisha tena wiki ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na leo la kwake lilikuwa linauma kwelikweli.

"Kaka, anakuulizia wewe tu," Prisca alisema. "Mtani Mwinshehe yupo hapa anamchokoza, eti asife kabla hajamwachia lile koti."

Gervas alijikuta anatabasamu. Mwinshehe hakuwa na haya hata kidogo. Kwenye msiba wa mama alijifunga kanga za marehemu, akawafokea wapishi kwa sauti ya marehemu, waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka.

Kisha baba mwenyewe akapewa simu. Alikohoa mara mbili, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kusema.

"Bwana mkubwa, njoo taratibu. Utelezi hauna adabu."

Wakapakia koleo, kamba ya kuvutia, magunia matupu, mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu, na godoro la kumlaza mzee kiti cha nyuma. Shukuru akamfundisha kufunga minyororo, akaifungua, akamfundisha tena. Saa nne ikapita. Gervas alitamani kumpiga.

Lami ilipoishia, alichuchumaa kwenye matope kama yule mtu wa kwenye karatasi. Mnyororo mmoja ulikubali. Wa pili uligoma. Ndoano yake ilikuwa imepinda kwa miaka yote ya kuvutwa na mbwa, naye akaigonga kwa jiwe, akaikosa, akagonga kidole, akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, peke yake barabarani. Saa nzima ilikwenda hapo.

Halafu gari likapanda, wallahi. Lilinguruma, likauma udongo, likapita pale ambapo lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu. Kwenye kona ya mwisho lilianza kurudi nyuma kuelekea korongoni. Gervas aliruka chini na mbao zake.

Mbao hizo alizipasua baba mwenyewe, miaka ile kabla msumeno haujala vidole viwili vya mkono wake wa kulia. Gervas alijifunza kuhesabu kwenye mkono huo. Mama alikuwa akimcheka kwamba ndiyo maana shuleni alikwama kwenye tatu.

"Mungu wangu, nipe leo tu," aliomba akizisukuma chini ya tairi. "Kesho sikuombi."

Mbao zikashika. Akampigia Prisca kumwambia yuko karibu. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, haikupokelewa. Atakuwa anamkanda baba kifua, alijiambia, akakanyaga mafuta.

Alipoufikia uwanja wa nyumbani, aliona watu. Watu wengi, wamejikunyata chini ya turubai, na sufuria kubwa mekoni. Akazima gari, asiweze kufungua mlango.

Ndipo akasikia kikohozi. Mara mbili.

Kwenye kiti cha baba, mlangoni pa nyumba, koti la baba lilikuwa limeketi na mwenyewe ndani yake, kofia ya sufu imevutwa hadi machoni, skafu imefunika kidevu.

"Bwana mkubwa!" sauti ile ikaita. "Gari umelifunga minyororo, limeiba nini?"

Watu wakaangua kicheko. Gervas naye akacheka, akacheka kama mwehu, akakimbia na kupiga magoti kwenye tope mbele ya kiti.

"Shikamoo, baba. Nimekuja. Godoro lipo, twende hospitali sasa hivi."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Nimekungoja mpaka nimechoka."

Kicheko kilipungua. Mlangoni pa jiko Prisca alijifunika uso kwa kanga. Gervas hakumwona. Alikuwa ameukamata ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akaubana shavuni huku akishukuru Mungu, na vidole vya mkono huo vikamshika na yeye kwa nguvu.

Moja, mbili, tatu.

Nne.

Tano.