Jibu la Nyuma ya Pazia

Vitone vya kijani kwenye simu vilikuwa vinne, na wasichana walikuwa watatu. Marcelline aliliona hilo kabla ya wengine, akanyamaza, kama kawaida yake.

Walikuwa wamejifungia chumbani, nyumbani kwa baba yake pale Nyawera. Sebuleni, nyuma ya pazia, wageni kutoka Katana walikuwa wameleta mahari. Papa Barthélemy alikuwa ameagiza muziki uliotoka kwenye simu uzimwe. Glasi yake ya pombe ya ndizi ilikaa juu ya bafle, spika ya muziki ule, na hakuruhusiwa kuigusa mpaka binti yake ajibu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya koo mbili.

Shida ndiyo hiyo. Marcelline hukohoa kwanza hata akitaka kufukuza kuku. Mwaka uliopita dada yake Ghislaine alinyamaza siku kama hii, si kwa kukataa, kwa haya tu. Wageni walishika kamba za mbuzi wao, wakarudi nao Miti.

Kwa hiyo binamu yake Elodie alikuwa amemlazimisha ajirekodi kwanza. Simu haina macho, alimwambia. Marcelline akajifunika kitenge kichwani, akainong'oneza simu jibu lake. Sasa Elodie alikuwa ameunganisha ekuteri zote na simu, kila mtu na zake masikioni na kitone chake cha kijani, wasikie pamoja bila wazee kujua.

— Kama ni sauti ya panya, utarudilia, alisema Fabiola, binamu wa pili.

— Usitukane panya, Elodie akajibu. Panya tunamusikiaka.

Sauti ya Papa Barthélemy ikapita kwenye rido, lile pazia la mlangoni.

— Marcelline! Tukunywe ao tusikunywe?

Marcelline akaitikia kwa kichwa tu.

— Amejibu kwa kichwa, Fabiola akanong'ona. Papa aangalie rido muzuri!

Wakazibana midomo wasicheke.

— Hata nyuma ya rido, mwanangu, baba akasema. Tunaomba sauti tu.

Kiti kikakwaruza sakafu. Alikuwa tonton, yaani mjomba, wa Christophe, yule kijana aliyemposa.

— Pengine mutoto hapendi, tonton akasema. Mbuzi zetu zingali na kamba.

Marcelline akanyoosha mkono, Elodie akampa simu. Kisha akatoa ekuteri moja sikioni.

— Unafanya nini? Finya kitufe, tusikie!

Hakufinya. Sikio lake lililo wazi lilikuwa sebuleni. Baba yake akauliza mara ya tatu, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Marcelline, mama. Tukunywe?

Hapo akafinya.

“Papa, mukunywe. Christophe nilimupenda siku ile alianguka na pikipiki mu matope, akasimama, akaniomba mimi pole. Sijaambiaka mutu.”

Elodie na Fabiola wakaanguka kitandani, wanacheka, ekuteri zimewajaa masikioni.

— Eh, kumbe sauti iko! Elodie akasema. Sasa toka, ukawaambie vile vile!

Vigelegele vikalipuka sebuleni hata pazia likatikisika. Fabiola akalifunua. Papa Barthélemy alikuwa na glasi tupu mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameikumbatia bafle kama kichwa cha mtoto.

— Asante, mama, alikuwa anaiambia. Asante sana.

Elodie akashika kichwa.

— Mungu wangu! Nilisahau kutoa bafle kwenye simu!

Marcelline akakohoa.

— Mimi sikusahau, akasema.