Geti la Tembo

"Leo usifungue mdomo, Aidan, mwaka jana tulifukuzwa kwa sababu yako na—"

"Nilimsifia masikio tu, Oliva, sasa kosa—"

"Masikio! Mgeni gani anamwambia mwenyeji wake ana masikio mapana?"

Dada yangu alikuwa na haki ya kunifokea. Siku hizi geti la hifadhi halifunguliwi mpaka tembo wakubali. Unasimama kwenye kituo cha wageni, unataja jina na ukoo wako kwenye kipaza sauti, na mashine inawatafsiria tembo walio nje ya kioo. Wakikugeuzia mgongo, unakunywa soda yako unarudi nyumbani.

Leo hatukuja kutembea. Mama alizaliwa humo ndani, kabla watu hawajahamishwa, na sasa ametusahau. Mimi ananiita fundi bomba. Tulitaka apaone kwao, huenda akaturudia.

"Mimi ni Twilumba," mama akasema kabla hatujamwambia aseme. Akataja kisima, akataja njia ya mtoni, na dada zake watatu ambao hatujawahi kuwasikia.

Tembo jike mmoja mzee akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Mama akacheka kama msichana. Oliva akanibana mkono kwa furaha, maana ilikuwa wazi kwamba tumekubaliwa.

Spika ikakwaruza, halafu ile sauti ya mashine ikasema taratibu:

"Huyu tunamkumbuka. Nyie rudini nyumbani, yeye tuachieni."