Kikono cha Tango

Nakiete alikuwa keshafunga begi lake. Alipita kwenye banda la nailoni kumuaga mama mkwe, aliyekuwa akipandikiza miche ya matango chotara.

"Mama, mwanao amenishinda. Narudi kwetu."

"Haya, mwanangu. Nishikie kwanza hii miche, jua lisije likaiunguza."

Nakiete akaliweka begi chini ya mitango mikubwa iliyokwisha kutambaa, akapiga magoti. Mama mkwe hakumtetea mwanawe hata kwa neno moja; alichimba tu, Nakiete akapanda, mpaka adhuhuri ikapita.

Alipogeukia begi, kikono chembamba cha tango kilikuwa kimejiviringisha kwenye mkanda wa begi hilo.

"Kikate tu," mama mkwe alisema, akiangalia pembeni.

Nakiete akachutama, kucha tayari. Kilikuwa laini, hakina nguvu ya kuzuia hata begi tupu. Lakini kilikuwa kimeng'ang'ania.