Rafiki wa Miaka Minne

"Rafiki yako mkubwa hapa chuoni alikuwa nani?" Hadil aliuliza. Yeye naye alikuwa anahitimu, na chuo kilimpa kazi ya kuwahoji wenzake, bila kuandika majina, kuhusu maisha yao ya masomo.

Msichana aliyekaa mbele yake alisokota pindo la joho. "Wewe."

Hadil akacheka. Mwenzake hakucheka.

"Mwaka wa kwanza ulinimegea mkate wa ufuta pale ngazini, tukapiga soga. Jioni nikamsimulia mama kwenye simu, akafurahi mno. Basi kila wiki nikawa namtungia habari zako." Akainamisha kichwa. "Mama amekuja kutoka kwetu Tafila, yuko hapo nje. Nakuomba, dada'angu, usiniumbue."

Hadil alijaribu kuukumbuka mkate huo, asiweze.

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Mama mmoja aliingia na kopo la biskuti za tende, akaliweka mezani, akamshika Hadil mashavu kwa viganja vikavu vyenye harufu ya samli.

"Hadil, mwanangu! Goti limepona? Tangu nijue huyu wangu yuko na wewe, nalala usingizi."

Hadil hakuwahi kuumia goti. "Limepona, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Tulikuwa tunakutaja kila siku."

Msichana aligeukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Analia nini tena?" mama akacheka. "Mimi hanisikii huyo. Hebu mwite wewe, aje tupige picha."

Hadil akafumbua kinywa. Jina la msichana yule hakulijua.